Mtego Ulionasa Asiyehusika

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mwanza, upande wa ziwani. Kazi yetu inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mimi si wakili, ila nasikiliza watu, nawaandikia barua, nawasindikiza polisi, ustawi wa jamii na baraza la kata. Kwa mwaka mzima hakuna jambo linaloletwa mezani kwangu mara nyingi kuliko mikopo ya asilimia kumi. Kina mama wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, wanakuja na faili za plastiki zenye katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, cheti cha usajili, picha za pasipoti na nakala za vitambulisho vya NIDA, na wote wanauliza: mbona wenzetu wanapata na sisi hatupati?

Kwa asiyeifahamu, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha, baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kueleza habari za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Iliporudi foleni ilikuwa ndefu, na penye foleni ndefu hakosekani mtu wa kuuza nafasi ya mbele.

Katika kata moja kando ya ziwa, ambayo sitaitaja, kina mama walikuwa wakinong'ona kwamba fomu haipandi ngazi ya juu bila kumtoa mtu "hela ya soda". Soda yenyewe bei yake ilikuwa kubwa kuliko mtaji wa baadhi yao. Nilikuwa na wanawake wachache waliotoa kweli, na mmoja alikuwa ametuma kwa simu. Ujumbe wa muamala ulikuwepo, una jina, kiasi na tarehe. Nilikuwa nawaandaa kwenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Kazi hiyo haina haraka. Leo mama anakubali, kesho mumewe anamwambia utatuletea balaa nyumbani, keshokutwa unaanza naye upya, unamsomea kwamba ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, unamhakikishia kwamba hutamwacha njiani. Walikuwa wameshafika mahali pazuri.

Hapo ndipo vijana walipoingia.

Vijana hawa nawafahamu, na sina neno baya juu ya nia yao. Wengine nimewaona wakikua. Ni vijana wa siasa, wa chama kimojawapo, wanaosoma, wanaobishana hadi usiku kijiweni, wanaoumia kwelikweli wakiona mama mzima anazungushwa ofisi hadi ofisi kwa haki yake. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulikuwa unakaribia na walitaka kitu cha kulipua. Hawakutaka barua wala malalamiko ya kupigwa muhuri na kusahaulika. Walitaka video.

Wakaunda kikundi ambacho hakipo. Majina waliyachukua kwa kina mama wanaoanika dagaa mwaloni, wakawaambia, "Mama, tunawasaidia kuomba mkopo, tupeni namba za NIDA na picha." Barua ya utambulisho ya mtaa waliichapa wenyewe, muhuri wakauchongesha mjini, sahihi ya mwenyekiti wakaiiga. Kisha kijana mmoja na msichana mmoja wakaenda ofisi ya kata, msichana akijifanya katibu wa kikundi. Simu ilikuwa mfuko wa shati inarekodi, na kwenye mkoba kulikuwa na bahasha ya shilingi elfu hamsini.

Afisa waliyemlenga hakuwepo siku hiyo. Walimkuta binti wa kujitolea, aliyemaliza chuo kwa masomo ya maendeleo ya jamii, asiye na mshahara, anayepewa nauli ikipatikana. Wangeweza kuondoka. Wakakaa.

Rekodi nzima nimeisikiliza, na nimeirudia, kwa sababu niliitaka kabla sijakubali kumsindikiza yeyote mahali popote. Ni mazungumzo marefu. Mara ya kwanza kijana anaposema, "Dada, sisi hatujaja mikono mitupu," binti anacheka kile kicheko cha mtu aliyeona aibu, anajibu, "Jamani, mimi sina mamlaka hayo." Anarudi kwenye makaratasi. Anawaonyesha kwamba katiba yao imeruka ukurasa wa sahihi za wanachama. Kijana anarudia tena, safari hii kwa kubembeleza, anamwambia kina mama wanateseka, basi amsaidie tu ajue ampe nani. Binti anasema fomu ni bure. Halafu, wakiwa wanasimama, anawaambia: "Hela ya kuchapa katiba upya wekeni kwenye bahasha, mpeni yule wa steshenari hapo nje, mwambieni nimewatuma mimi, atawafanyia vizuri." Nyuma ya sauti yake inasikika pikipiki ikiwashwa.

Klipu iliyotoka haifiki hata dakika tatu. Inaanza na "hatujaja mikono mitupu", inaruka, inatua kwenye "wekeni kwenye bahasha", inaruka tena, inamalizia "mwambieni nimewatuma mimi". Katiba haimo. Steshenari haimo. "Sina mamlaka hayo" haimo. Juu wameandika kwa maandishi mekundu: RUSHWA MCHANA KWEUPE. Hadi jioni ilikuwa imefika kila grupu la WhatsApp ninalolijua, la familia, la kanisa, la vikoba.

Binti aliambiwa asije tena ofisini. Hakuna barua, maana hakuwa na ajira ya kuandikiwa barua. Kwao walimpigia simu kumuuliza kama ni kweli. Mchumba akanyamaza. Nilipomtembelea alikuwa ndani, simu ameizima, mama yake mdogo ndiye aliyenikaribisha, akaniambia, "Huyu hajaiba hata shilingi, mwanangu, tungekuwa tunakula vizuri."

Na afisa mwenyewe, yule waliyemkusudia? Alikwenda kwenye mikutano akasema mmeona, hawa ndio wanaotuchafua, wameghushi hadi mihuri. Kwenye hilo alikuwa anasema kweli, na ndilo lililoniuma kuliko yote. Walimpa mtu waliyemshuku ukweli wa kujifunika nao.

Siku chache baadaye nilikuwa mwaloni kwa shughuli nyingine. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya vichanja, kina mama wanageuza kwa mikono, jua linawaka. Mama mmoja mtu mzima akaniita pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, akafuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu, ile hela yetu ya mkopo inatoka lini?" Sikumwelewa. Akanieleza: vijana walikuja, wakachukua namba na picha, wakasema mambo yanakwenda vizuri. Kwa ahadi hiyo alikuwa ameshachukua dagaa kwa mali kauli kwa tajiri wa mtumbwi, akitegemea kulipa mkopo ukitoka. Tajiri sasa anadai. Simu yake ni kitochi, klipu hajaiona, hajui kama jina lake lipo kwenye orodha ya kikundi kilichotungwa ili kimtege mtu. Namba yake ya NIDA iko polisi kama sehemu ya kielelezo. Nilikaa naye juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamweleza yote. Aliuliza: "Kwa hiyo sisi walikuwa wanatutumia tu?"

Watu wanaojadili matukio kama haya huwa wanabishana kuhusu aliyerekodiwa na aliyerekodi. Mama huyu hayumo kwenye hesabu ya yeyote. Hakurekodiwa, hakushtakiwa, hakusikika. Alikopeshwa matumaini na watu wanaojiita watetezi wake.

Vijana waliitwa polisi. Niliwasindikiza, kwa sababu haki ya kusindikizwa haichagui. Waliandika maelezo ya onyo, wakapata dhamana, wakawa wanaripoti. Kwenye benchi la nje, kijana aliyekuwa na simu mfukoni akaniuliza kwa uchungu, "Dada, sisi ndio tumefichua, mbona tunakuwa watuhumiwa sisi?" Nikamhesabia taratibu. Kughushi nyaraka ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, na hata kuahidi tu kunatosha. Kuchukua taarifa za mtu kwa kumdanganya matumizi yake kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Katiba ya nchi, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa anayechapisha mtandaoni taarifa anayojua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kudanganya umma.

Kifungu hicho cha 16 watetezi wa haki wamekilalamikia tangu sheria ilipopita, kwamba ni kipana mno na kinaweza kumnasa mkosoaji wa kweli. Nakubaliana nao. Ndiyo maana inanikera zaidi kuona kijana mwerevu anakata video hadi inakuwa uongo, kisha anakitoa kichwa chake mwenyewe kwa kifungu kile kile.

Akaniambia walijifunza kwa Mmarekani mmoja, video zake walikuwa wanazitazama pamoja usiku. Alimtaja: James O'Keefe. Nikamwambia basi tumsome hadi mwisho, maana walimtazama nusu. Wiki iliyofuata niliwaita ofisini tukakaa.

Mwaka 2009 O'Keefe na msichana mwenzake, Hannah Giles, walizunguka ofisi za ACORN, shirika la kusaidia watu maskini wa mijini Marekani kwa mambo ya makazi na kujiandikisha kupiga kura. Walijifanya watu wa biashara ya ukahaba wanaotafuta ushauri, wakarekodi kwa siri. Video zilipotoka kelele zilikuwa kubwa. Septemba ile ile Bunge la Marekani lilipiga kura kulikatia fedha shirika hilo, na mwaka 2010 likafungwa. Mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu wa California, Jerry Brown, aliyepewa rekodi nzima, akatoa ripoti kwamba zile zilizotangazwa zilikuwa zimehaririwa sana. Alikuta wafanyakazi wengine walisema mambo yasiyofaa kabisa, lakini hakuona jinai ya kuwashtaki. Wakati ripoti inatoka, shirika lilikuwa mahututi.

Niliwaomba watulie kwa mtu mmoja, Juan Carlos Vera, mfanyakazi wa ofisi ya National City, California. Kwenye video anaonekana kama mtu anayekubali kusaidia kuvusha wasichana wadogo mpakani. Kisichoonekana ni kwamba wageni walipoondoka alitafuta polisi kupitia binamu yake askari, akatoa taarifa. Video ilipotoka akafukuzwa kazi. Akawashtaki, kwa kuwa California inakataza kurekodi mazungumzo ya faragha bila ridhaa ya pande zote. Mwaka 2013 O'Keefe akakubali kumlipa dola 100,000. Giles naye alikubali kulipa dola 50,000. Msichana wetu aliyejifanya katibu alikuwa amekaa kimya muda wote. Nilipofika hapo akasema, "Huyo ni yule dada wa kata." Sikuongeza kitu.

Nikawasomea na ya New Orleans. Januari 2010 O'Keefe na wenzake watatu walikamatwa kwa tukio la ofisi ya Seneta Mary Landrieu, iliyokuwa ndani ya jengo la serikali, wawili wao wamevaa kama mafundi wa simu. Alikuwa na miaka 25. Mei akakiri kosa la kuingia jengo la serikali kwa udanganyifu, akapewa uangalizi wa miaka 3, saa 100 za kazi za jamii na faini ya dola 1,500. Mtu akishaona uongo mdogo umemlipa, mwingine hauonekani mkubwa. Kwa vijana wangu njia hiyo ilikuwa fupi zaidi: jina la uongo, muhuri wa uongo, kikundi cha uongo, maana ya uongo. Kikundi hewa ndicho walichokuwa wanakipinga, na wao wakakiunda.

Mmoja wao alinibana vizuri, na nilifurahi alinibana. Akasema mbona Anas Aremeyaw Anas wa Ghana anajificha, anarekodi, na dunia inampigia makofi? Mwaka 2015 kazi yake ilionyesha majaji na mahakimu zaidi ya 30 wakihusishwa na rushwa, na wengi wakaondolewa. Ni kweli. Sikuwaambia kujificha ni dhambi wakati wote. Ziko dhuluma zisizoonekana mchana. Nikawaambia waangalie alichofanya na rekodi zake: alipeleka malalamiko rasmi kwa Jaji Mkuu, pamoja na ushahidi, waliotuhumiwa wakaitwa kujibu. Alikuwa na watu waliokuwa na mamlaka kweli, wakionekana wakipokea. Na hata yeye amelaumiwa na kushtakiwa, na mwenzake Ahmed Suale aliuawa kwa risasi Accra, Januari 2019. Hiyo ni kazi yenye wahariri, mawakili na gharama ya damu. Kijana mwenye simu mfukoni na uchaguzi mbele yake hawezi kuwa mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa jioni moja.

Na mtego halali upo hapa hapa kwetu. Mwananchi akiombwa rushwa anapiga 113 au anakwenda ofisi ya TAKUKURU. Maofisa wakiona taarifa ina uzito, wao ndio wanaoandaa fedha za mtego, wanaziwekea alama, wanakuwepo zinapopokelewa. Tofauti kubwa iko mwanzoni: mtu ameomba kwanza, hakuna aliyemsukumia bahasha mtu ambaye hajaomba. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika na kuomba orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Orodha hiyo ukiiweka mezani na kuwauliza watu wa mtaa kikundi gani wanakifahamu na kipi hawakifahamu, hewa inajitokeza yenyewe. Vijana hawakuwa wamewahi kuiomba. Walisema inachelewa. Siku 30 zinachelewa, lakini klipu imetuchelewesha zaidi.

Kwa sababu wale kina mama niliokuwa nawaandaa walirudi nyuma wote. Mwenye ujumbe wa muamala aliniambia, "Nikienda sasa watasema na mimi ni wa kile kikundi cha kutunga." Ana hoja. Watu wa ziwani tunajua kokoro likikokotwa pwani linazoa vifaranga na mayai, sangara mkubwa yuko kilindini. Na ndivyo lilivyokokotwa hili.

Imechukua muda mrefu kumrudisha mmoja, kisha wa pili. Malalamiko yao sasa yapo TAKUKURU, yana majina yao halisi na muamala halisi. Uchunguzi unaendelea na sitasema zaidi ya hapo. Orodha ya waliokopeshwa imeombwa kwa barua. Aliyeiandika ni yule msichana aliyejifanya katibu, safari hii kwa jina lake. Rekodi nzima nayo imekabidhiwa kwa wachunguzi, bila kukatwa. Deni la dagaa vijana wamechanga wakalipa nusu, na nusu iliyobaki mama anailipa mwenyewe kidogokidogo, ingawa nimewaambia wazi kwamba si lake.

Kuhusu binti wa kujitolea, nilidai jambo moja: kila aliyeirusha klipu airushe na rekodi kamili mahali pale pale, na amwombe radhi kwa maandishi, bila kumtaja jina tena. Wawili wamefanya hivyo. Wa tatu, ambaye akaunti yake ndiyo yenye wafuasi wengi, amekataa. Anasema akiomba radhi chama kitapoteza. Nimemwandikia tena wiki hii. Binti amepata kibarua cha kufundisha watoto wa chekechea upande wa Igoma, na alipoulizwa kwenye usaili kama ndiye yule wa video, alijibu ndiyo, akatoa simu akawawekea sauti yote mwanzo hadi mwisho.